Kitufe Husema, Mkono Hukisiwa

Kaa robo saa kwenye banda la gemu, lile la TV mbili na benchi la mbao ambako mechi hulipiwa kabla haijaanza, utaona jambo ambalo wachezaji wenyewe hawalioni. Kijana anaendesha gari la mashindano. Kona inakuja. Kidole gumba kinasukuma analogi, kile kijiti cha padi anayochezea, kulia, na hapo kazi imekwisha, gari limeshapata amri yake. Lakini yeye haishii hapo. Mabega yanalala kulia, padi inainuka na kupinda, kiuno kinafuata, mpaka anamsukuma mwenzake aliyekaa pembeni. Padi ile ya zamani haina kitu chochote ndani cha kutambua kwamba imepindwa. Mwili mzima unafanya kazi ambayo hakuna anayeipokea.

Kwa zaidi ya miaka 30 wabunifu wa gemu wamekuwa wakijaribu kuipokea kazi hiyo ya mwili. Mwaka 1989 kampuni ya Mattel ilitoa Power Glove, glavu ya kuchezea NES, mashine ya gemu ya Nintendo, iliyotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio kujua mkono uko wapi mbele ya TV. Gemu zilizotengenezwa mahususi kwa ajili yake ziliishia mbili tu. Baada yake zimekuja rimoti za kupunga hewani, kamera za kumtazama mchezaji, vioo vya kugusa, miwani ya VR inayomzungushia mchezaji dunia ya gemu, na padi zinazotetema kwa ustadi. Vingine vimebadilisha namna watu wanavyocheza, vingine vimeishia kabatini vikila vumbi.

Watu wengi hudhani tofauti ilikuwa kwenye ubora wa kifaa. Sivyo. Wii, mashine ya Nintendo ya rimoti za kupunga, ilikuwa na vihisi dhaifu na ikashinda. Kinect, kamera ya Microsoft ya kumtazama mchezaji, ilikuwa maajabu ya uhandisi na ikafa. Tofauti ilikuwa kwenye gemu zenyewe, na hasa kwenye kuelewa kwamba kitufe na ishara ya mkono si vitu vya aina moja. Kitufe husema. Mkono hukisiwa.

Nieleze kwa urefu kidogo, maana mengine yote yanatoka hapa.

Kitufe ni swichi. Ukikibonyeza umeme unapita, ukikiachia unakatika. Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 16 hivi, na ndani ya muda wa picha moja mashine inajua kwa uhakika kama umebonyeza au hujabonyeza. Hakuna cha kutafsiri.

Mkono ukitembea hewani mambo hubadilika. Fikiria umekaa kwenye daladala na umefumba macho. Dereva akifunga breki unasukumwa mbele, akikata kona unalalia dirishani, gari likisimama mlimani mgongo unakandamizwa kwenye kiti. Sasa, ukihisi mgongo umekandamizwa, utajuaje kama gari limesimama mlimani au linaongeza mwendo kwenye tambarare? Kwa mwili peke yake, macho yakiwa yamefumbwa, huwezi kujua. Akselerometa, kile kihisi kinachoifanya simu igeuze picha unapoilaza, iko katika hali hiyo muda wote. Inapima msukumo, na mvutano wa dunia nao kwake ni msukumo kama mwingine. Ukiituliza mkononi, inajua chini ni wapi. Ukiipunga, inashindwa kutenganisha kupinda na kusukumwa.

Kihisi cha pili ni jairoskopu. Chenyewe hakijui juu wala chini, kinajua mzunguko tu: unageukia upande gani na kwa kasi gani. Ni kama abiria yuleyule akihesabu kona. Kila kona anakosea kidogo, na baada ya kona ishirini anaamini anaelekea Mbagala kumbe yuko njia ya Bunju. Vihisi hivi viwili vikiwekwa pamoja husahihishana: jairoskopu inafuata mwendo wa haraka, akselerometa inamkumbusha abiria chini ni wapi kila gari linapotulia.

Hata hivyo, kinachofika kwenye gemu bado si amri. Ni mtiririko wa namba, na programu inabidi ikisie maana yake. Je, huu ni upanga unaoshuka, au mchezaji anajikuna shingo? Ili isikosee, programu inasubiri ione mwendo zaidi, ikisubiri, inachelewa. Isiposubiri, inakosea. Mbunifu yeyote anayetumia teknolojia ya ishara ameingia kwenye mtego huo, apende asipende, na ustadi wake utapimwa kwa namna anavyoishi ndani yake.

Nintendo waliishi humo vizuri. Wii ilipotoka Novemba 2006, rimoti yake ilikuwa na akselerometa bila jairoskopu, pamoja na kamera ndogo puani ya kuona infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Ule upau uliowekwa juu ya TV haukuwa ukihisi chochote, ulikuwa taa tu. Kamera iliziona taa hizo ikajua rimoti imeelekezwa wapi, na mishumaa miwili ikiwekwa pale ingeweza kufanya kazi ileile. Jairoskopu ilikuja kuongezwa mwaka 2009 kama kipande cha kuchomeka chini ya rimoti. Kwa vifaa hivyo vya mwanzo, vilivyojaa makisio, walitengeneza Wii Sports, na nakala zake zilizofika kwa watu, nyingi zikiwa zimeambatana na mashine yenyewe, zimezidi milioni 80.

Itazame tenisi yake kwa makini. Huko hukimbii, mashine ndiyo inayomkimbiza mchezaji kuufuata mpira. Huchagui pa kusimama. Kazi yako ni kupiga, basi. Mpira uende kushoto au kulia inategemea umepiga mapema au umechelewa. Kupiga raketi ni mwendo mkubwa na wa ghafla, ambao hata kihisi dhaifu hakiwezi kuukosa. Wabunifu walijiuliza: kifaa hiki kinajua nini kwa uhakika? Wakaomba hicho tu, mengine wakayabeba wenyewe. Kuna watu waliosema gemu hiyo ni ya kitoto kwa sababu imeondoa mambo mengi. Mimi naona yale yaliyoondolewa ndiyo kazi ngumu iliyofanyika pale.

Kisha tazama bouling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira mzito. Unashikilia kitufe cha B chini ya rimoti, unavuta mkono nyuma, unaurusha mbele, na pale unapotaka mpira uondoke unaachia kitufe. Kitufe kimebeba uamuzi: sasa. Mkono umebeba kiasi: kwa nguvu gani, na kiganja kimepinda vipi. Kila kimoja kimepewa kazi inayokifaa. Mgawanyo huo, kitufe kwa uamuzi na ishara kwa kiasi, ndio ninaourudia kila ninapokaa na kijana anayejifunza kutengeneza gemu, na sijaona mahali ulipomwangusha mtu. Uliingia mwilini mwa wachezaji kiasi kwamba wengine waliachia rimoti yenyewe ikaruka. Desemba ya mwaka uleule Nintendo walianza kuwabadilishia watu kamba za mkononi kwa kamba nene zaidi.

Baada ya mafanikio hayo kila mtu alitaka ishara, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Njia rahisi ilikuwa kuchukua gemu ya kawaida, kuondoa kitufe kimoja, na mahali pake kuweka tikisiko. Donkey Kong Country Returns ya mwaka 2010 ni gemu iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na bado iliingia kwenye shimo hilo: kubiringika kulifanywa kwa kutikisa rimoti. Shida ya tikisiko ni kwamba halina mwanzo. Kitufe kina nukta moja ya wakati, umebonyeza hapa. Tikisiko lina kuanza, kupanda, kufika kileleni na kurudi, na mashine ndiyo inayochagua lihesabiwe kuanzia wapi. Kwenye gemu ambamo ukichelewa kwa upana wa ukucha unatumbukia shimoni, mchezaji anakufa bila kujua kama kosa ni lake. Gemu hiyo ilipohamishiwa kwenye mashine ya 3DS mwaka 2013, kubiringika kuliwekwa kwenye kitufe.

Sony walipitia hali kama hiyo. Padi ya kwanza ya PlayStation 3 ilitambua kupinda, na mwaka 2007 ikatoka Lair, gemu ya kupanda joka, ambamo kuruka kulifanywa kwa kuinamisha padi na si vinginevyo. Mwaka uliofuata lilitolewa sasisho la kuwaruhusu watu watumie analogi. Ukisoma hilo haraka utadhani ishara ilishindwa. Kwa maoni yangu, mbaya zaidi ni ile kauli ya "si vinginevyo", tena kwenye mchezo wa kupigana vita angani unaotaka usahihi wa kila dakika.

Mkono wenyewe una mambo yake pia, usiyoweza kuyapuuza. Link, shujaa wa mfululizo wa Zelda, kwa miaka mingi alishika upanga kwa mkono wa kushoto. Twilight Princess, gemu ya mfululizo huo, ilipoletwa Wii mwaka 2006, upanga ulipigwa kwa rimoti, na wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia. Watengenezaji waliona kutoafikiana huko kutawasumbua watu, wakaigeuza dunia nzima ya gemu kama inavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Kilichoko kushoto kwenye ramani ya GameCube, mashine ya Nintendo ya kabla ya Wii, kiko kulia kwenye Wii. Milima, mito, majumba, yote yaligeuzwa ili mkono wa shujaa uwe upande mmoja na mkono wa mchezaji.

Hadi hapa nimesema sana juu ya makosa, sasa nije kwenye kile ambacho teknolojia mpya huleta ikitumiwa ipasavyo. Huleta kitenzi kipya. Ukitaka kujua kama gemu imekitendea haki kifaa, tafuta jambo unaloweza kulifanya leo ambalo jana halikuwezekana, si jambo lilelile kwa njia ya kuchosha zaidi.

Super Mario 64 ya mwaka 1996 ilikuja pamoja na padi ya Nintendo 64 yenye analogi katikati, na viwili hivyo vilikuzwa pamoja. Kwenye padi nyingi za kabla ya hapo, mshale wa kwenda mbele ulikuwa ndiyo au hapana. Analogi ilileta kiasi: sukuma kidogo, Mario anatembea, sukuma sana, anakimbia. Wabunifu wangeweza kuishia hapo. Badala yake waliweka njiani mmea wenye meno, uliolala. Ukipita mbio, unaamka. Ukisukuma analogi kwa unyoya wa kidole, Mario ananyata, na mmea unaendelea kulala. Kunyata! Hakuna maelezo marefu yanayohitajika, mtoto anaelewa mwenyewe, na kidole gumba chake kinakuwa makini kama nyayo za mtu anayepita chumba cha mzee aliyelala mchana. Kiasi kimepata maana ndani ya hadithi.

Miaka mitatu baadaye Sony walitoa Ape Escape, ambayo haichezeki kabisa bila padi ya analogi mbili: kijiti cha kushoto kinatembeza, cha kulia kinapunga wavu wa kukamatia nyani, upande uleule unaosukuma. Na kwenye Nintendo DS, mashine inayofungwa kama kitabu ikiwa na kioo juu na kingine chini, Phantom Hourglass ya mwaka 2007 inafikia mahali inakutaka ukandamize muhuri kwenye ramani ya bahari. Muhuri uko kioo cha juu, ramani iko kioo cha chini. Unagusa, hakuna kitu. Unajaribu vitufe vyote, hakuna kitu. Kisha inakujia: unafunga mashine, unaifungua, na alama ya muhuri iko kwenye ramani. Teknolojia yenyewe ni bawaba na swichi ya kuzima kioo. Aliyefikiria kuifanya bawaba iwe muhuri alikuwa amekitazama kifaa kile kwa upendo.

Kinect ilikuja Novemba 2010 kwa kishindo kikubwa. Ilirusha maelfu ya vidoti vya infraredi chumbani, kamera ikavisoma namna vilivyopindishwa na mwili wa mtu, na programu ikachora mifupa ya mchezaji. Ndani ya siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni 8. Tatizo halikuwa watu kutoipenda. Kamera yake ilipiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 33 zilikuwa zimekwenda kati ya picha na picha hata kabla hesabu ya kutafuta mifupa haijaanza. Isitoshe, mchezaji hakuwa ameshika kitu, hakuna kitufe cha kusema "sasa", kwa hiyo kuchagua kitu kwenye menyu kulitaka unyooshe mkono na kuutuliza hewani. Jaribu kunyoosha mkono namna hiyo dakika tano uone bega linavyokuambia. Halafu kuna nafasi: ilitaka mtu asimame karibu mita mbili kutoka kwenye TV. Kwa mpangaji wa chumba kimoja mwenye kitanda, jiko na kabati, mita mbili tupu ni nyumba nyingine.

Pamoja na hayo, gemu moja ilifanikiwa sana humo: Dance Central ya kampuni ya Harmonix. Sababu yake inafaa kukumbukwa na kila mbunifu. Kwenye dansi, gemu inajua kabla yako utakachofanya, maana wimbo umeshapangwa na hatua zimeonyeshwa. Haina haja ya kukisia, inahitaji kukagua tu. Na kuchelewa kwake hakuonekani, kwa kuwa mchezaji anafuata mdundo wa muziki, hasubiri skrini imjibu. Beat Saber ya mwaka 2018, ile ya VR ya kukata visanduku kwa mapanga ya mwanga, inafaidika na tabia hiyohiyo ya muziki: mkono unajua wakati kabla haujafika.

Upande wa pili weka Steel Battalion, gemu ya kuendesha mtambo wa vita. Ya kwanza, mwaka 2002, iliuzwa na dashibodi nzima ya vitufe na vijiti vipatavyo 40 pamoja na pedali, na kimoja kati ya vitufe hivyo, kile cha kujiokoa, kilikuwa na kifuniko cha kufunua. Usipokibonyeza kwa wakati mtambo wako ukilipuka, rubani wako anakufa na gemu uliyohifadhi inafutika. Toleo la 2012 lilitumia Kinect: uvute vishikio ambavyo havipo, hewani, huku unapigwa risasi. Vita vilevile, lakini mara ya kwanza mkono una kitu cha kushika, mara ya pili una hewa, na kwa hewa mashine ilikuwa ikikosea mara kwa mara.

Microsoft walipotoa Xbox One mwaka 2013 waliilazimisha Kinect ndani ya boksi, bei ikawa dola 499. Kufikia Juni 2014 waliuza mashine bila hiyo kwa dola 399. Utengenezaji wa Kinect ulisimamishwa mwaka 2017.

VR nayo nitaigusa kwa jambo moja. Half-Life: Alyx ya mwaka 2020 ni gemu ya kuokota vitu, na kuokota vitu sakafuni kwa miwani usoni ni kuinama mara mia, kugonga meza na kuumia mgongo. Walichofanya ni kumpa mchezaji glavu za mvutano ndani ya hadithi: unakielekea kitu kwa mbali, unakifumbata, unakung'uta kiganja kama unavyojikung'uta maji, na kitu kinaruka kuja mkononi, unakidaka. Kudaka huko ndiko utamu wake. Mwendo ni mdogo, hauchoshi, una mwanzo unaoeleweka, na kufumbata kunasema "sasa".

Kuna njia nyingine ambayo haimsikilizi mchezaji, inamwambia. Nimekaa mara nyingi barazani nikitazama wazee wakicheza bao. Mzee anachota kete za shimo zima kwa mkono mmoja, anaongea na wenzake, macho yako kwingine, na anazitawanya bila kuhesabu hata moja. Nilimuuliza mmoja wao anajuaje zitaishia wapi. Akafungua kiganja, akakitikisa kidogo, kete zikagongana, akaniambia, "Zinaniambia, mwanangu." Nilidhani ananifanyia utani mpaka nilipocheza 1-2-Switch, gemu iliyotoka na mashine ya Switch mwaka 2017. Humo kuna mchezo mdogo: unaambiwa padi uliyoshika ni kisanduku chenye gololi, ukiinamishe, useme zimo ngapi. Padi haina gololi hata moja. Ina kitetemeshi kinachoweza kutoa mitetemo midogo sana na yenye tofauti, na kiganja kinaapa kwamba kuna gololi tatu zinazobiringika. Mchezo ule ungeeleweka barazani bila mkalimani.

Padi ya PlayStation 5, DualSense, iliyotoka Novemba 2020, imelipeleka jambo hili mbali zaidi. Astro's Playroom, gemu inayokuja ndani ya mashine, inakupitisha kwenye mchanga, vyuma na mvua, na kila kimoja kina hisia yake viganjani. Triga zake, vile vitufe vya nyuma vinavyovutwa kama kifyatulio cha bunduki, zina injini ndogo inayoweza kugoma. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Returnal ya mwaka 2021. Ukibonyeza triga ya kushoto nusu, unalenga. Kidole kinakutana na ukuta. Ukiusukuma ukuta ule ukavunjika, inawaka namna ya pili ya kufyatua. Triga moja, kazi mbili, na mpaka kati yake kidole kinauhisi chenyewe bila macho kuondoka kwa adui. Hapa mtetemo si pambo; ni habari. Gemu nyingine huifanya triga iwe ngumu kwa kila risasi, saa nzima, mpaka kidole kinauma. Bahati nzuri mashine inakuruhusu kuupunguza ugumu huo au kuuzima kabisa, na usione haya kufanya hivyo.

Maumivu ya kidole yananifikisha kwa watu ambao mikono yao haiwezi kabisa kile gemu inachodhani kila mkono unaweza. Kila ishara mpya unayoiweka kuwa ya lazima inamfungia mtu mlango. Kutikisa, kwa mwenye misuli dhaifu, ni ukuta. Kusimama, kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ni ukuta. Mwaka 2018 Microsoft walitoa padi yenye diski mbili kubwa mbele na matundu 19 ya jeki nyuma, kama yale ya kuchomekea earphone. Kila tundu linapokea swichi ambayo mtu ataiweka popote mwili wake unapoweza, chini ya goti, pembeni ya kichwa, penye kiwiko. Sony walifuata na yao mwishoni mwa 2023. Vifaa hivi vinafaa tu pale gemu yenyewe inapoacha njia wazi, yaani kila tendo liwe na kitufe kinachoweza kulibeba, hata kama wengi wataupenda mkono zaidi. Kwa gemu ambayo mwendo wenyewe ndio mchezo, hili ni gumu kweli, na sitajifanya lina jibu jepesi: ukiondoa kupunga kwenye tenisi ya Wii, hakuna kinachobaki. Lakini gemu za namna hiyo ni chache, na wengi wanaotoa kisingizio hicho hawamo.

Sasa nirudi kwenye kifaa ambacho wengi wetu tunacho mfukoni, maana kwetu gemu ni simu kabla ya kuwa TV.

Kioo cha simu kina kasoro mbili za kuzaliwa. Hakina ukingo, kwa hiyo kidole hakijui kiko juu ya kitufe mpaka macho yaangalie. Na kidole kinafunika picha. Gemu zilizoelewa hilo mapema ziliacha vitufe kabisa. Angry Birds ya mwaka 2009 ilikufanya uvute manati, kitu ambacho mtoto yeyote aliyewahi kuwinda ndege anakijua mkononi. Fruit Ninja ya mwaka uliofuata ilikufanya ukate, ukipitisha kidole popote, bila kulenga nukta moja. Gemu zilizochora padi nzima juu ya kioo ndizo zilizopata taabu, na ufumbuzi uliofaa zaidi ni ule wa kijiti kisicho na mahali: unaweka kidole gumba popote upande wa kushoto, na kijiti kinazaliwa hapohapo. Mashine imekubali kumfuata mkono badala ya mkono kuitafuta mashine.

Kwa vitufe vinavyobaki, kuna kanuni ya zamani kuliko gemu zenyewe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha unategemea umbali wake na upana wake. Mbali na nyembamba, unachelewa. Karibu na pana, unawahi. Gemu kubwa za simu zinakuruhusu kuhamisha na kukuza vitufe, na watu wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo wa mipangilio. Ufungue. Kuza kitufe cha kupiga, kisogeze karibu na pale kidole gumba kinapopumzika chenyewe, na vile usivyovitumia vipunguze mpaka vikae pembeni.

Kisha kuna jairoskopu, ambayo naamini ndiyo zawadi kubwa isiyotumiwa kwenye simu zetu. Splatoon, gemu ya kurushiana rangi iliyotoka kwenye Wii U, mashine iliyofuata Wii, mwaka 2015, ilionyesha namna yake: kijiti kwa kugeuka kwingi, mkono kwa kulenga kudogo. Kidole gumba ni kizuri kukupeleka upande ule wa chumba. Ni kibaya kukuweka juu ya kichwa cha adui aliye mbali. Kiganja ni kinyume chake. Ni kama kutunga uzi kwenye sindano: mkono mzima unaisogeza sindano karibu na jicho, kisha vidole vinamalizia. PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana risasi, ina mpangilio huohuo, na unaweza kuchagua jairoskopu ifanye kazi muda wote au pale tu unapochungulia kwenye darubini ya bunduki. Angalia kwanza kama simu yako ina jairoskopu, kwa kuwa simu nyingi za bei nafuu zina akselerometa peke yake.

Mwaka jana nilimwekea mpwa wangu mpangilio huo. Alikuwa akicheza kwa vidole gumba viwili alivyopaka poda kwa sababu ya jasho, na darubini ikifunguka lengo lake lilikuwa likiruka huku na huku. Nilianza na usikivu wa chini kabisa, kwenye darubini tu. Dakika kumi za kwanza alilalamika. "Mjomba, hii inanichanganya, nikipumua inasogea." Ilikuwa kweli, alikuwa ameinua viwiko hewani, na kila pumzi ilikuwa ikishuka mpaka kwenye simu. Nikamwambia akae kwenye kigoda, viwiko juu ya magoti. Siku ya pili alipoteza mechi nyingi kuliko kawaida na akataka kuizima, nikamwomba aniachie mpaka mwisho wa wiki. Siku ya nne alinijia mwenyewe akitaka tuupandishe usikivu wa darubini ndogo, ule wa darubini kubwa tuuache chini, jambo ambalo sikuwa nimemfundisha. Jumapili nilimkuta barazani. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikimgeuza askari wake kuelekea dirishani kwa mvuto mmoja, kisha kinatulia, na simu yenyewe inapinda kidogo tu, kama unene wa sarafu, mpaka alama ya katikati inakaa pale alipotaka.